Kaka, Usisahau Cheni

Kuna jamaa mmoja wa Kang'ata, kule Handeni, neno moja tu la Kiswahili lilimponza. Neno lenyewe ni cheni.

Ukiwa saluni, cheni ni kitu cha shingoni. Ukiwa kwa fundi baiskeli, cheni ni kitu cha kuzungusha tairi la nyuma. Ukiwa na baiskeli yako mjini, cheni ni ile unayofungia kwenye nguzo wasikuibie. Neno moja, kazi tatu, bei tatu. Jamaa alikuwa anazijua zote tatu, na bado ile aliyoagizwa hakuileta.

Stori iko hivi.

Alimaliza kidato cha nne, matokeo hayakukaa vizuri, akashuka Tanga mjini kwa mjomba wake kutafuta maisha. Wanaoijua Tanga wanajua kuwa baiskeli pale siyo usafiri wa mtu aliyeshindwa. Mji uko tambarare, barabara za Ngamiani zimenyooka na zimepewa namba kama vyumba vya gesti. Mwalimu yuko juu ya baiskeli, muuza samaki yuko juu ya baiskeli, mama wa baibui anapita na kikapu chake mbele, mzee mstaafu na kofia yake ya kiua naye huyo taratibu. Jamaa akapewa Phoenix ya mjomba, ile ya Kichina ya kizamani, nzito lakini haifi. Akaanza kusambaza mikate. Saa kumi na moja alfajiri yuko bekari, kreti limefungwa kwenye keria kwa mpira, saa mbili asubuhi kashamaliza maduka ya Makorora na Mabawa.

Mjomba alimpa masharti mawili tu. La kwanza, cheni ya baiskeli aipake oili kila Ijumaa. La pili, asiiache baiskeli bila kuifunga, hata kama anaingia dukani kwa dakika moja. Akamnunulia na mnyororo wa kufungia, mnene, umevishwa mpira mweusi, na kufuli lake zito. Kuuweka kwenye keria haiwezekani, unaponda mikate. Kwa hiyo dogo akawa anauvaa begani, unapita kifuani mpaka kiunoni kama mkanda wa mgambo. Wenye maduka wakamjulia hapo hapo: "Yule dogo wa mikate mwenye mnyororo."

Yeye mwenyewe alikuwa hapendi. Aliona unamfanya aonekane kuli. Cheni aliyokuwa anaitaka ni ile nyingine.

Hiyo ya shingoni nayo ina safari yake ndefu mpaka kufika Ngamiani. Kule New York miaka ya 1980, wana hip hop kama Kurtis Blow na baadaye Run-DMC ndio walioizoesha dunia kumwona rapa na cheni ya dhahabu kifuani. Mwaka 1999 rapa mmoja wa New Orleans anayeitwa B.G. akatoa wimbo wa Bling Bling, na neno hilo likaenda mpaka likaingia kwenye kamusi za Kiingereza. Huku kwetu likaja na video za Bongo Fleva. Maana yake ni ile ile kote: nilitoka mtaa usio na kitu, sasa mali yangu naitembeza shingoni, na wewe uione.

Sasa mfikirie mtu wa Kang'ata. Kwao dhahabu ipo. Vilima vya Magambazi haviko mbali, watu wamechimba pale, na baba yake mdogo ni mmoja wao. Lakini dogo amekua pale na hajawahi kumwona mtu wa kwao amevaa dhahabu ya kwao. Alichoona ni vumbi, karasha zinazosaga mawe, zebaki kwenye beseni, na wanunuzi wanaokuja na mzani mdogo mfukoni. Dhahabu inatoka, inaondoka. Kwa hiyo usiharakishe kumcheka akitamani cheni. Kuna kitu alikuwa anakidai.

Wiki mbili kabla ya Iddi ya kuchinja, mdogo wake wa kike akamtumia meseji: "Kaka shkamoo. Ukija Iddi naomba uniletee cheni, ya kwangu imekatika tena. Usisahau kaka."

Yule binti yuko kidato cha nne. Zamani alikuwa na kicheni chembamba cha shingoni alichopewa na shangazi yao, kaka mtu anakikumbuka. Akajua ndicho kilichokatika. Na kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa na wiki ya tatu anapita kwa machinga mmoja anaangalia cheni bila kununua, ile meseji ikawa kama ruhusa. Akatoa elfu thelathini, akachukua mbili. Nene ya kwake, nyembamba yenye moyo mdogo ya mdogo wake. Zinawaka utadhani zimetoka kwa sonara leo leo.

Mtu husikia kile anachokiwaza. Siku nzima jamaa anakanyaga baiskeli, mikono ina oili ya cheni mpaka kwenye kucha, lakini akiambiwa cheni anasikia shingo.

Safari ya kwenda nyumbani ilimpitisha Korogwe. Pale aliposubiri gari la Handeni alikaa kwenye benchi nje ya duka la spea. Kwenye kioo alikuwa anajitazama, anaikalisha cheni vizuri juu ya tisheti. Nyuma ya kioo hicho hicho zilikuwa zimetundikwa kwenye misumari, ndani ya vipakiti vyake, cheni mpya za baiskeli. Alikaa pale karibu saa nzima.

Kang'ata alipokelewa kama msanii. Wana wa kijiweni walisimama. "Mwana umetoboa!" Watoto wakamfuata mpaka mlangoni. Mama mtu akafurahi, akashukuru Mungu, akaenda kuweka chai. Mbele ya watu wote jamaa akatoa kiboksi, akamkabidhi mdogo wake.

Binti akafungua. Akatulia kidogo. Halafu akatabasamu, ile tabasamu ya heshima mtu anayoitoa akipewa nguo isiyomtosha. "Asante kaka, nzuri." Akaivaa, akaenda kuosha vyombo.

Aliyeharibu sherehe ni bibi. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, akamtazama mjukuu wake shingoni kwa muda mrefu, akauliza: "Baba, hiyo umeivaa au umevalishwa?"

Watu wakacheka. Bibi hakucheka. Na kwa Wazigua hilo siyo la kucheka sana. Karne ya 19 misafara ya watumwa ilipita nchi hii kushuka Pangani. Wakati wa njaa kubwa kuna Wazigua waliopelekwa mpaka Somalia, wakaishia kulima kando ya mto Juba. Vitukuu vyao walipokimbia vita vya Somalia, wengine walirudi Handeni hii hii na kupewa makazi kule Chogo, wakiwa bado wanaongea Kizigua. Ukifika Zanzibar, pale Mkunazini palipokuwa na soko la watumwa, kuna sanamu za mwaka 1998 za watu waliosimama ndani ya shimo, na minyororo waliyofungwa shingoni ni ile ya kweli ya enzi hizo. Kule Marekani yule mwigizaji Mr. T, aliyekuwa anajaza rundo la cheni za dhahabu kifuani, alieleza kwamba anazivaa kuwakumbuka mababu waliopelekwa kule wakiwa kwenye minyororo ya chuma. Historia ni ile ile, ila Mr. T alijibu kwa kuvaa na bibi wa Kang'ata alijibu kwa kuuliza.

Jamaa akajichekesha, mambo yakapita. Iddi ikaliwa, nyama ikaisha.

Siku ya tatu, saa kumi na nusu alfajiri, akasikia mlango. Akachungulia. Mdogo wake anatoka na sare, hijabu, begi mgongoni na tochi ya simu ya mama mkononi. Kidato cha nne likizo kwao haipo, mtihani ni Novemba. Shule iko kilomita saba. Anakwenda kwa miguu.

Baiskeli ya binti ilikuwa imeegeshwa nyuma ya jiko. Cheni inaning'inia mpaka chini, imejaa kutu.

Mama alikuwa ameshaamka, anafagia uwanja. Jamaa akamuuliza mbona mtoto anatembea na baiskeli ipo.

"Si alikwambia cheni?" mama akasema, hata ufagio hakuusimamisha. "Mwezi wa pili huu anatembea. Asubuhi anakwenda, jioni siku nyingine anarudi na lifti."

"Lifti ya nani?"

"Hao hao wa bodaboda."

Kila mtu aliyekulia kijijini anajua habari ya lifti. Ya kwanza ni bure, ya pili ni bure, ya tatu inakuja na soda. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, kumpa mwanafunzi mimba ni miaka 30 jela, na hakuna bodaboda asiyeijua namba hiyo. Lifti hazijaisha.

Jamaa akarudi ndani, akafungua simu, akaisoma ile meseji upya. *Ya kwangu imekatika tena.* Tena. Cheni ya shingoni haikatiki tena na tena. Neno hilo lilikuwa pale siku zote.

Jioni akamsubiri mdogo wake njiani. Akamkuta anakuja kwa miguu, viatu vimejaa vumbi jekundu, ile cheni yenye moyo haipo shingoni.

"Umeivua?"

"Shule hawaruhusu, kaka. Ipo kwenye begi."

"Kwa nini hukuniambia ni ya baiskeli?"

"Nilijua unajua. Wewe si mtu wa baiskeli?"

Wakatembea kidogo. Halafu binti akasema, bila hasira yoyote, kama mtu anayetaja bei ya nyanya: "Yule kaka wa bodaboda alishasema ataninunulia. Nikamwambia usihangaike, kaka yangu analeta."

Hapo ndipo jamaa cheni ilipomkaba.

Usiku akaenda kwa baba yake mdogo. Akamwambia anataka kuiuza ile nene, ampeleke kwa mnunuzi wa dhahabu. Mzee akaipokea, hakuipeleka hata kwenye mwanga. Akaipima tu kiganjani, akaipandisha na kuishusha mara mbili.

"Chupa ya lita moja ukiijaza maji ni kilo moja," akasema. "Ukiijaza dhahabu ni kilo kumi na tisa na zaidi. Cheni ya unene huu ingekuwa ya kweli, ungeiona shingoni kila ukiinama. Hii ni shaba iliyopakwa. Usiipeleke kwa mnunuzi. Atakucheka, na kicheko chake kitafika sokoni kabla yako."

Kumbe mzee alijua tangu siku ya kwanza, alipomshika mkono wa Iddi. Hakusema kitu mbele za watu. Alimwonyesha tu nyuma ya shingo, pale jasho lilipokaa: palishaanza rangi ya kijani.

Asubuhi yake jamaa akasukuma baiskeli mpaka kwa fundi, yule anayekaa chini ya mwembe. Fundi akaifuta cheni kwa kitambaa, akainyoosha juu ya ubao, akaweka rula ya plastiki ya wanafunzi, ile ya inchi kumi na mbili. Cheni ya baiskeli, kutoka pini moja mpaka pini inayofuata ni nusu inchi kamili. Ndivyo ilivyo Tanga, ndivyo ilivyo China, ndivyo ilivyo kila mahali. Vipande 24 ni futi moja bila kuzidi. Fundi akahesabu 24, na pini ya mwisho ikawa imepitiliza nje ya rula.

"Unaona? Watu wanasema cheni imevutika. Chuma hakivutiki. Pini ndizo zimelika ndani, kila moja kidogo. Ikizidi moja ya nane ya inchi hivi, ujue imeshakula na meno ya fraiwili. Nimeiunga mara tatu hii, kila nikiunga naitoa kipande, imebaki fupi. Sasa basi."

Baba mdogo ana 24 yake, karati 24, dhahabu isiyochanganywa na kitu. Fundi naye ana 24 yake. Hii ya fundi huwezi kuipaka rangi ikakubali.

Na hii cheni ya fundi ndiyo kongwe kuliko watu wanavyodhani. Mswisi mmoja aliyehamia Manchester, Hans Renold, aliisajili mwaka 1880, ya pini na vibomba vinavyozunguka. Miaka mitano baadaye ikatoka baiskeli ya Rover kule Coventry, tairi mbili zinazokaribia kulingana, miguu inazungusha tairi la nyuma kwa cheni. Baiskeli ya binti wa Kang'ata bado ni mpango ule ule. Cheni ikiwa safi na ina oili, karibu nguvu yote ya miguu yako inafika kwenye tairi. Ikiwa na kutu, nguvu inaishia njiani, na wewe unafika shule umechoka kabla ya kipindi cha kwanza.

Fundi akapiga hesabu. Cheni elfu saba, fraiwili elfu sita, kazi elfu mbili. Jumla elfu kumi na tano. Spea hana, ila duka la Chanika, Handeni mjini, ukituma hela kwa simu wanampa konda wa gari la mchana, jioni inafika.

Jamaa mfukoni alikuwa na nauli ya kurudi Tanga tu. Elfu thelathini yake ilikuwa imekaa shingoni, na haiuziki.

Akarudi nyumbani, akamwaga begi kitandani. Tisheti mbili, kandambili, chaja. Na chini kabisa ule mnyororo wa mjomba. Alikuja nao kwa mazoea tu, maana hakutaka kuuacha Tanga kwenye chumba cha watu wengi. Tangu afike hakuutoa, asije akaonekana nao.

Akautia begani kama kawaida yake, akaenda nao kijiwe cha bodaboda.

Pale kijiweni walikuwa kwenye habari za mwenzao aliyeibiwa pikipiki. Mmoja wao, kijana mrefu, naye ana cheni shingoni, akaunyanyua ule mnyororo, akaupima mkononi kama baba mdogo alivyofanya.

"Huu wa kweli huu," akasema. "Bei gani?"

"Ishirini."

"Kumi na mbili."

Wakaishia kumi na tano. Kijana akahesabu hela, akamkabidhi, halafu akamtazama usoni vizuri kama mtu anayefananisha. "Wewe ni kaka yake yule mwanafunzi? Hajambo?"

Jamaa akamtazama na yeye.

"Hajambo. Kuanzia Jumatatu ana usafiri wake."

Yule kijana akafunga kufuli, akafungua, akafunga tena. Hakuongeza neno.

Jumapili jioni fundi akafunga cheni mpya na fraiwili, akazungusha pedeli kwa mkono, tairi likaenda kimya kabisa. Jamaa akampa mdogo wake kichupa cha oili na yale masharti ya mjomba, ila la Ijumaa tu. Jumatatu binti akaondoka saa kumi na mbili, kumeshapambazuka. Mama akasimama mlangoni mpaka alipopotea kwenye kona.

Jamaa karudi Tanga. Mikate inaendelea. Hana mnyororo wa kufungia, kwa hiyo kila dukani anaingia na baiskeli mpaka mlangoni, anashikilia hendeli kwa mkono mmoja na kutoa mikate kwa mwingine, na mjomba kamwambia wazi kuwa baiskeli ikiibwa ni juu yake. Anadunduliza anunue mwingine. Ile nene ya shingoni hajaitupa. Imetundikwa kwenye msumari ukutani, rangi ya dhahabu imeanza kutoka upande mmoja.

Wiki iliyopita mama alimpigia simu. Katika maongezi akamwambia yule mdogo wake ameichukua ile cheni yake yenye moyo, ameizungushia kwenye kengele ya baiskeli. Shule wanakataza shingoni, kwenye kengele hakuna aliyekataza.

Kwa hiyo, wadau, mtu wa nyumbani akikuagiza kitu, usikimbilie kujibu "poa, nimekuelewa". Muulize kwanza ni cha wapi na ni cha kazi gani. Na wewe unayesoma hapa, kuna kitu gani uliombwa nyumbani, ukapeleka ulichokuwa unakitaka wewe?